Jinsi ya Kutengeneza Diski ya Kusakinisha Windows Iliyokwisha Kuingizwa Masasisho

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina faili la ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) la Windows 11 toleo la 24H2 nililolipakua toleo hilo lilipotoka. Kila ninapolitumia, kusakinisha kwenyewe huisha mapema, lakini masasisho yanayofuata huchukua muda mrefu na kula bando nyingi. Nilifuata maelekezo ya zamani yanayotaka niandike amri yenye /integrate, haikufanya kazi. Kisha nikaingiza sasisho kwa chombo cha amri cha DISM. Liliingia, ila mazingira ya ukarabati bado ni ya zamani, na nilipotaka kuhamishia kila kitu kwenye flashi, faili la install.wim lilikataa kunakilika. Njia sahihi ni ipi, na je, inabidi niirudie kazi hii kila mwezi?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi umekwisha kuianza vizuri, na kilichokukwamisha huwakwamisha wengi. Diski unayoiona kuwa moja imebeba Windows kadhaa ndani yake. Ipo ile inayosakinishwa kwenye kompyuta, nayo imo ndani ya install.wim ikiwa na matoleo kama Home na Pro. Ipo Windows ndogo inayowaka kutoka kwenye diski na kuendesha usakinishaji, nayo imo ndani ya boot.wim, ambamo kwa kawaida mna taswira mbili, yaani nakala mbili za mfumo zilizofungwa ndani ya faili moja. Ipo pia Windows ya ukarabati, winre.wim, iliyofichwa ndani ya kila toleo lililomo kwenye install.wim. Pembeni ya hizo kuna mafaili ya programu ya usakinishaji yaliyo wazi kwenye folda ya sources. Wewe umesasisha ya kwanza tu, ndiyo maana ukarabati umebaki wa zamani. Diski huhesabiwa kuwa imesasishwa pale sehemu hizi zote zinapokuwa za umri mmoja.

Maelekezo yenye /integrate yalikuwa sahihi kwa wakati wake. Enzi za Windows XP, mafaili ya mfumo yalikaa wazi kwenye folda ya i386, na kifurushi kikubwa cha masasisho kama SP2 cha mwaka 2004 au SP3 cha mwaka 2008 kiliweza kuambiwa kibadilishe mafaili hayo palepale yalipo. Kuanzia Windows Vista mfumo mzima ulianza kufungwa ndani ya taswira ya WIM, na masasisho yakawa vifurushi vyenye masharti ya kutegemeana, kwa hiyo kubadilisha faili mojamoja kukapoteza maana. Chombo cha kazi hiyo leo ni DISM, ambacho kimo ndani ya Windows yenyewe na hakihitaji kununuliwa wala kupakuliwa.

Kabla ya kuanza, jiulize kama kazi hii inahitajika. Microsoft huchapisha upya mafaili yake ya ISO mara kwa mara yakiwa tayari na masasisho ya karibuni, na mtu mwenye kompyuta moja au mbili atapata nafuu kubwa kwa kupakua ISO mpya kuliko kutengeneza ya kwake. Kuijenga mwenyewe kunafaa unapohudumia kompyuta nyingi, unapotaka draiva fulani ziwemo tangu mwanzo, au unapotaka diski isimame kwenye sasisho mahususi ulilokwisha kulijaribu. Njia ambayo siikubali hata kidogo ni kuchukua ISO iliyokwisha kutengenezwa na mtu usiyemjua. Mwenye kuandaa taswira ya mfumo anaweza kuweka chochote ndani yake, na programu ya kinga utakayoisakinisha baadaye itakuwa ikiendeshwa na mfumo ambao huenda umeharibiwa kabla haujawaka.

Andaa diski kuu yenye mfumo wa mafaili wa NTFS na nafasi tupu isiyopungua GB 40. Tengeneza folda fupi zisizo na nafasi katika majina yake, kwa mfano C:\kazi\diski kwa yaliyomo kwenye ISO, C:\kazi\masasisho kwa vifurushi, na C:\kazi\os, C:\kazi\re na C:\kazi\pe kwa ajili ya kupachika taswira, yaani kuzifungua ndani ya folda ili zibadilishwe. Nakili yaliyomo kwenye ISO yote, kisha ondoa alama ya kusomwa tu, kwa sababu mafaili yanayotoka kwenye diski huja nayo na DISM itakukatalia kwa hitilafu 0xc1510111:

attrib -r C:\kazi\diski\*.* /s /d

Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi. Hakikisha DISM unayoitumia si ya zamani kuliko taswira unayoishughulikia. Ukitumia kompyuta ya Windows 10 kuhudumia taswira ya Windows 11, chukua DISM iliyomo kwenye Windows ADK, kifurushi cha Microsoft cha zana za kuandaa usakinishaji. Pia iambie programu ya kinga isiziguse folda hizi tatu za kupachika, kwa kuwa ikishikilia faili wakati wa kufunga taswira, kazi yote inaweza kugoma dakika ya mwisho.

Masasisho yanapatikana kwenye Microsoft Update Catalog. Unahitaji aina nne, nazo zimeorodheshwa humo kwa majina ya Kiingereza: "Cumulative Update" ya toleo lako, "Cumulative Update for .NET Framework", "Safe OS Dynamic Update" na "Setup Dynamic Update". Hakikisha zote ni za toleo la 24H2 na za aina ya kichakataji chako, kwa kawaida x64. Sasisho la kwanza ni limbikizi, yaani la mwezi huu limebeba ya miezi iliyopita, na ndani yake mna pia sehemu ya Windows inayosimamia usakinishaji wa masasisho, ambayo zamani ilikuja katika kifurushi chake na ililazimu itangulizwe. Hata hivyo, 24H2 ilileta sharti jipya. Baadhi ya masasisho hufanywa kuwa msingi, na yanayofuata hubeba tofauti tu kuanzia msingi huo. Msingi wa kwanza ulikuwa KB5043080 (KB ni namba ya utambulisho wa sasisho) wa Septemba 2024. Ukibofya kitufe cha kupakua kwenye katalogi utaona mafaili mawili au zaidi ya .msu, yapakue yote na kuyaweka katika folda moja isiyo na .msu nyingine, kisha umwelekeze DISM kwenye lile jipya pekee. Atautafuta msingi mwenyewe humo humo.

Sasa tazama kilichomo kwenye install.wim:

Dism /Get-ImageInfo /ImageFile:C:\kazi\diski\sources\install.wim

Utaona kila toleo na namba yake. Kama ISO yako ina install.esd badala ya install.wim, faili hilo limebanwa kwa namna isiyoruhusu kupachikwa ili kubadilishwa, hivyo toa kwanza matoleo unayoyataka, moja baada ya jingine, yaingie kwenye install.wim:

Dism /Export-Image /SourceImageFile:C:\kazi\diski\sources\install.esd /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:C:\kazi\install.wim /Compress:max /CheckIntegrity

Namba 6 hapo ni mfano tu. Tumia uliyoiona kwenye orodha yako. Ukimaliza, futa install.esd na uweke install.wim mahali pake. Nashauri upunguze matoleo yabaki yale unayoyatumia kweli, kwa kuwa kila toleo linasasishwa peke yake na muda unaongezeka kwa kadiri hiyo. Lakini usibakize Pro peke yake kama kompyuta zako nyingi zilinunuliwa zikiwa na Home. Programu ya usakinishaji husoma ufunguo uliohifadhiwa kwenye ubao mama, na ikikuta ni wa Home ilhali diski haina Home, inaweza kukwama hapo.

Pachika toleo la kwanza:

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\kazi\diski\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:C:\kazi\os

Usiligusie sasisho limbikizi bado. Anza na Windows ya ukarabati, ambayo sasa ipo kwenye C:\kazi\os\Windows\System32\Recovery\winre.wim. Ukiitazama folda hiyo kwa njia ya kawaida utadhani haina kitu, kwa sababu faili limefichwa. Liamini jina lake na ulipachike kwenye C:\kazi\re kwa amri ileile ya kupachika, namba 1. Humo unaingiza sasisho limbikizi kwa ajili ya ile sehemu yake inayosimamia masasisho, kisha "Safe OS Dynamic Update", ambalo ndilo hasa linaloufanya ukarabati kuwa mpya (amri za kuingiza na kusafisha ziko hapa chini; weka C:\kazi\re badala ya C:\kazi\os). Safisha, funga kwa kuhifadhi, kisha litoe upya kwa /Export-Image ili lipungue ukubwa, na ulirudishe mahali pake. Ukubwa wa faili hili una maana kuliko unavyoonekana, kwani litakaa kwenye kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) kidogo cha ukarabati, na likinenepa kupita kizigeu hicho, masasisho ya ukarabati ya siku za mbele yatashindwa kuingia. Winre.wim ni moja kwa matoleo yote, kwa hiyo iliyosasishwa mara moja inanakiliwa tu kwenye matoleo mengine.

Kwenye Windows kuu, mpangilio ni jambo la kushika kwa makini. Kama unaongeza lugha au vipengele vya ziada, vitangulie, kwa sababu vinakuja na mafaili ya tarehe ya zamani, na vikiingizwa baada ya sasisho limbikizi itakubidi uliingize sasisho hilo tena. Baada ya hapo ndipo liingie lenyewe:

Dism /Image:C:\kazi\os /Add-Package /PackagePath:C:\kazi\masasisho\limbikizi\jina-la-sasisho.msu

Kisha safisha:

Dism /Image:C:\kazi\os /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Kuna wanaoongeza /ResetBase hapa ili kupunguza ukubwa zaidi. Mimi huitumia kwenye taswira ndogo za boot.wim na winre.wim tu, kwa sababu kwenye Windows kuu inafunga njia ya kuliondoa sasisho endapo litaleta matatizo kwa mtumiaji. Mwisho kabisa, baada ya kusafisha, ndipo uwashe .NET 3.5 (sehemu ya Windows inayotegemewa na baadhi ya programu) kama unaihitaji na kuingiza sasisho la .NET. Ukiitanguliza, inaacha kazi zinazosubiri kuwashwa kwa mfumo, na usafishaji utakataa kwa hitilafu 0x800f0806. Ukiona hitilafu hiyo, ujue taswira haijaharibika. Mpangilio ndio uliogeuzwa.

Funga kwa /Unmount-Image /MountDir:C:\kazi\os /Commit, na urudie kwa kila toleo lililobaki. Kabla ya kufunga hakikisha umefunga madirisha yote yaliyofunguliwa ndani ya folda hiyo, hata dirisha la amri lililosimama humo. Likitokea la kutokea na taswira ikabaki nusu, ifunge kwa /Discard badala ya /Commit, endesha Dism /Cleanup-Mountpoints, kisha uanze toleo hilo upya. Usijaribu kuokoa taswira iliyokatika katikati.

Sasa boot.wim. Ndani yake namba 1 ni mazingira madogo ya Windows, na namba 2 ndiyo inayoendesha usakinishaji. Zote mbili zinapachikwa kwa zamu, zinaingizwa sasisho limbikizi lilelile, zinasafishwa na kufungwa. Kama unaongeza draiva, za hifadhi na za mtandao ndizo za muhimu, na ziingie kwenye namba 2 pamoja na kwenye install.wim. Draiva ya hifadhi ikikosekana kwenye namba 2, mtumiaji atafika kwenye orodha ya diski na kuikuta tupu, hata kama draiva hiyo imo kwenye Windows kuu.

Kabla ya kuifunga namba 2 kuna mafaili ya kuchukua, na hapa ndipo maelekezo mengi huishia njiani. Chukua setup.exe na setuphost.exe kutoka kwenye folda yake ya sources, na bootmgfw.efi pamoja na bootmgr.efi kutoka Windows\Boot\EFI. Kisha fungua kifurushi cha "Setup Dynamic Update" ndani ya folda ya sources ya diski:

expand C:\kazi\masasisho\setup.cab -F:* C:\kazi\diski\sources

Baada ya hapo ndipo uyaweke yale mafaili mawili ya usakinishaji juu yake, ili yaliyo kwenye diski yafanane kabisa na yaliyo ndani ya boot.wim. Yakitofautiana, usakinishaji unaweza kuanguka katikati. Faili la bootmgfw.efi linakwenda efi\boot kwa jina la bootx64.efi, na bootmgr.efi linakwenda penye jina lake kwenye mzizi wa diski.

Suala la mafaili haya ya kuwasha limekuwa zito zaidi sasa. Vyeti vya Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta nyingi huvitegemea kuthibitisha kile kinachowaka, muda wake ulipangwa kuanza kwisha Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na vyeti vya 2023. Kompyuta ambayo msimamizi wake amekwisha kukibatilisha cheti cha Windows cha 2011 haitawasha diski yenye mafaili ya zamani, hata kama taswira zilizomo ni za leo. Kwa kompyuta za namna hiyo Microsoft imetoa hati ya PowerShell iitwayo Make2023BootableMedia.ps1, ambayo huandaa diski inayowaka kwa saini mpya kutokana na mafaili yaliyomo kwenye boot.wim iliyosasishwa. Itumie kwenye nakala, na ubakize diski ya kawaida kwa kompyuta ambazo hazijapokea cheti kipya.

Kuhusu flashi iliyokataa: kompyuta za UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za kisasa, iliyorithi nafasi ya BIOS) huwaka kutoka kwenye mfumo wa mafaili wa FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Install.wim yako imevuka hapo. Suluhisho ni kuigawanya:

Dism /Split-Image /ImageFile:C:\kazi\diski\sources\install.wim /SWMFile:C:\kazi\install.swm /FileSize:3800

Weka vipande vyote kwenye sources ya flashi na usiweke install.wim. Programu ya usakinishaji inavitambua yenyewe. Gawanya kwenye nakala ya flashi tu, kwa kuwa taswira iliyogawanywa haiwezi tena kupachikwa na kubadilishwa. DVD ya kawaida yenye GB 4.7 haiwezi kubeba diski ya namna hii; ukilazimika kutumia DVD, chukua ya tabaka mbili yenye GB 8.5, na uipime kwanza. Kwa kutengeneza ISO, tumia oscdimg iliyomo kwenye Windows ADK, iandike iwake kwa njia zote mbili, BIOS na UEFI:

oscdimg -m -o -u2 -udfver102 -bootdata:2#p0,e,bC:\kazi\diski\boot\etfsboot.com#pEF,e,bC:\kazi\diski\efi\microsoft\boot\efisys.bin C:\kazi\diski C:\kazi\mpya.iso

Usiigawe diski hiyo kabla ya kuijaribu, na hapa nina sababu nzito. Diski za 24H2 zilizoundwa zikiwa na masasisho ya usalama yaliyotolewa kati ya Oktoba 8 na Novemba 12, 2024 zilisakinisha Windows iliyoonekana nzima kabisa, ila baadaye ikashindwa kupokea masasisho ya usalama yaliyofuata. Microsoft ililikiri tatizo hilo na kushauri watu wajenge diski zao kwa sasisho la Desemba 10, 2024 au la baadaye. Mwenye diski kama hiyo aliweza kusakinisha kompyuta nyingi kabla ya kugundua kwamba zote zimesimama. Kwa hiyo kama ile uliyoitengeneza ilitumia sasisho la miezi hiyo miwili, iache, anza tena kutoka ISO ya asili.

Jaribio lenyewe lifanyie kwenye kompyuta pepe (virtual machine). Kwanza endesha Dism /Get-ImageInfo kwa namba ya toleo moja na utazame mstari wa "ServicePack Build". Namba iliyopo ilingane na ile inayofuata 26100, namba ya ndani ya 24H2, kwenye maelezo ya sasisho ulilotumia. Kisha sakinisha. Ukifika kwenye skrini ya kuchagua nchi, bonyeza Shift na F10, andika ver, na namba ileile ionekane humo. Ukimaliza kuingia kwenye Windows, andika reagentc /info ili kuthibitisha kwamba ukarabati umewashwa. Mwisho, na hili usiliruke, iache kompyuta hiyo pepe hadi sasisho la mwezi unaofuata litoke na uhakikishe linaingia.

Usitarajie kwamba kompyuta haitapakua kitu kabisa baada ya hapo. Maelezo ya virusi ya Defender, programu za dukani na draiva bado vitaingia kwa mtandao. Kinachoondoka ni ule mzigo mkubwa wa sasisho limbikizi.

Si lazima uirudie kazi hii kila mwezi. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na diski ya miezi mitatu bado inakuokolea sehemu kubwa, kwa kuwa kompyuta italeta sasisho moja tu la mwezi husika. Mara moja kwa robo mwaka inatosha kwa mtu mwenye kazi kama yako, isipokuwa Microsoft itangaze udhaifu unaogusa usakinishaji au uwashaji wenyewe. Kila unaporudia, anza na ISO ya asili isiyoguswa, si na diski ya robo iliyopita. Kusasisha juu ya kilichokwisha kusasishwa kunanenepesha taswira na kurithisha kosa lolote lililojificha humo. Hifadhi ISO hiyo ya asili pamoja na alama yake ya uhakiki uliyoipata kwa certutil -hashfile na neno SHA256, na kwenye kila diski unayotengeneza andika namba ya KB na mwezi wa sasisho lililomo.